Sura ya 6: Nani Mwenye Mstari Huu?

Risiti mbili zilikuwa mezani, zimewekwa sambamba. Zote namba 4812. Ya kwanza ilitoka tawi la Songea: mifuko 40 ya mbolea ya kupandia, imelipwa taslimu. Ya pili ilitoka makao makuu Dar es Salaam: mabomba 6 ya kunyunyizia dawa, kwa mkopo wa siku 30. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, wakulima wa kusini wanasubiri mvua, na kila mfuko wa mbolea ulikuwa na mtu anayeuulizia. Mhasibu alikuwa amefungua jedwali la mauzo kwenye kompyuta ya Dar, akatafuta namba 4812, akaona mabomba 6 tu. Pesa za mifuko 40 zilikuwa zimeshafika benki, mzigo ulikuwa umetoka stoo, mkulima alikuwa na karatasi yenye mhuri mkononi. Lakini kwenye hesabu za kampuni mauzo yale hayakuwahi kufanyika.

"Fundi," aliniambia kwa sauti ya chini, sauti iliyoniumiza kuliko kama angefoka, "mashine yako imemeza mifuko arobaini."

Alisema kweli. Mfumo ule niliutengeneza mimi. Kila siku saa 12 jioni programu ya Songea ilikusanya mistari mipya ya mauzo kwenye faili moja, ikaituma Dar kwa barua pepe, na programu ya Dar ikaimimina kwenye jedwali lake. Mara nyingi intaneti ilikatika katikati ya kutuma, faili lilelile likaja mara mbili, mauzo yakahesabiwa maradufu. Nikaongeza amri moja fupi: namba ya mauzo ikiwa tayari ipo, uruke mstari huo. Tatizo la maradufu likaisha. Nilichosahau ni kwamba kompyuta mbili zilikuwa zikihesabu kila moja kivyake: 4810, 4811, 4812. Songea ilipofika 4812, Dar nayo ilikuwa imeshafika. Mstari wa mbolea ulipotua Dar, ulikuta kiti chake kimekaliwa na mabomba, ukarukwa kimyakimya. Hakuna onyo lililotokea kwenye kioo. Tulipochimba nyuma tulikuta risiti nyingine kadhaa zilizopotea vivyo hivyo, tukakesha siku mbili tukizirudisha kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya nakala za kaboni, ambavyo mtunza stoo wa Songea, mzee wa tabia za zamani, alikuwa amekataa katakata kuviacha.

Tangu hapo, nikiitwa kuunganisha hifadhidata za ofisi mbili zilizo mbali, siulizi kwanza kasi ya intaneti. Nachukua karatasi, naandika majina ya majedwali yote, na mbele ya kila jina nauliza: mstari wa humu nani ana haki ya kuuandika? Ukijibu swali hilo vizuri, waya ukikatika kazi inasubiri tu. Usipolijibu, hata waya mzima utakuumiza.

Watu wengi hudhani kunakili jedwali ni kama kupiga fotokopi: unachukua picha ya jedwali la Dar, unaipeleka Songea. Kwa jedwali dogo la bei, linalobadilika mara moja kwa wiki, fotokopi inatosha, na sioni aibu kuipendekeza. Lakini jedwali la mauzo lenye mistari laki tatu huwezi kulituma lote kila robo saa kwa sababu mistari 12 imeongezeka. Hifadhidata za kisasa hutuma kitu kingine: zinatuma historia.

Kila hifadhidata makini ina daftari la pembeni. Kabla hata haijagusa jedwali lenyewe, inaandika kwenye daftari hilo: mstari huu umeongezwa, huu umebadilishwa kutoka hivi kuwa vile, huu umefutwa. Daftari hilo liliwekwa ili umeme ukikatika ghafla, mashine ikiwaka isome ilikoishia na ijirekebishe. Baadaye watu wakaona kwamba daftari hilohilo likisomwa kwenye mashine nyingine iliyoanza na jedwali linalofanana, mashine ya pili itafika palepale ilipofika ya kwanza. MySQL iliweka uwezo wa namna hiyo mwaka 2000, kwa daftari tofauti na lile la kujirekebisha. PostgreSQL iliuingiza ndani ya programu yenyewe mwaka 2010, kwa toleo la 9.0, na toleo la 10 la mwaka 2017 likaruhusu jambo linalowafaa sana watu wa matawi: kuchagua majedwali machache tu ya kupeleka, badala ya kubeba hifadhidata nzima.

Uzuri wa daftari ni kwamba kila tukio lina nafasi yake. Songea haiombi Dar "habari mpya", inasema "nimesoma mpaka hapa, nipe kinachofuata." Intaneti ikikatika kwa dakika tano au siku tano, swali linabaki lilelile. Amri yangu ya "ruka" ilikuwa jaribio la kutibu kwa kubahatisha kile ambacho alama ya kusomea ingekitibu kwa uhakika.

Kuna mtego humo. Miaka ya mwanzo MySQL ilikuwa ikipeleka amri zenyewe, kama zilivyoandikwa. Amri kama "pandisha bei zote kwa asilimia 5" inatoa jibu moja popote. Lakini amri ya "futa mistari kumi" bila kusema ipi, au "chagua namba yoyote", inaweza kufuta mistari hii Dar na mingine Songea, na majedwali mawili yakaanza kuachana bila mtu kujua. Tangu toleo la 5.1 inaweza kupeleka matokeo badala ya amri: mstari wenyewe, ulivyokuwa na ulivyobadilika. Faili linanenepa na bando linaliwa zaidi, lakini mimi nachagua matokeo kila mara. Bando linanunulika.

Sasa umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar kwenda Songea, karibu kilomita elfu moja kwa njia ya nchi kavu, ni milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi, ukiweka kando rauta na mizunguko ya njiani. Ni kidogo. Lakini kabla mikongo ya baharini haijafika pwani yetu mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya nje ilipita satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali likipanda na kushuka, na jibu likipanda na kushuka, inapita karibu nusu sekunde hata kama vifaa vyote ni vizima. Programu inayotuma mstari mmoja, ikasubiri jibu, ndipo itume wa pili, itamaliza mistari 100 kwa sekunde 50. Mteja yuko kaunta na jua linachoma.

Kwa hiyo kuna uchaguzi usioepukika. Ukitaka Songea isiandike mauzo mpaka Dar ikubali kwamba imeyapata, utakuwa na uhakika kwamba nakala zote mbili ziko sawa, ila siku intaneti imekufa Songea haiuzi. Ukiruhusu Songea iandike kwake kwanza na kutuma baadaye, duka halifungwi, ila kuna muda ambao Dar haijui kilichotokea. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilieleza jambo hili mbele ya wataalamu wenzake, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihesabu: mtandao ukigawanyika, huwezi kuwa na majibu yanayolingana kila mahali na huku kila mahali pakiendelea kujibu. Moja litaachwa. Mwenye duka la pembejeo msimu wa mvua anajua ataacha lipi, na hajasoma hesabu zile.

Wenye fedha na wataalamu wengi kuliko sisi wamejikuta kwenye njia panda hiyohiyo. Tarehe 21 Oktoba 2018 mafundi wa GitHub, hifadhi kubwa ya programu inayotumiwa na watengenezaji duniani kote, walikuwa wakibadilisha kifaa cha mkongo chenye kasi ya gigabiti 100 kilichokuwa kimeanza kuharibika. Mawasiliano kati ya kituo chao kikuu cha data na kiungo cha mtandao wao, vyote pwani ya mashariki ya Marekani, yakakatika. Yalirudi baada ya sekunde 43.

Sekunde 43 ni muda wa mtu kufungua mlango na kumwambia fundi "subiri kidogo." Lakini GitHub walikuwa na programu inayochunga seva za MySQL: seva kuu ikipotea, nakala za programu hiyo zilizo vituo mbalimbali zinapiga kura na kuteua kuu mpya. Ikafanya kazi yake sawasawa. Ikateua seva za pwani ya magharibi. Mtandao uliporudi, programu zote zikaanza kuandika magharibi. Kumbe katika zile sekunde chache seva za mashariki zilikuwa zimepokea maandishi ambayo magharibi haikuwahi kuyaona. Na magharibi nayo, kwa karibu dakika 40, ilikuwa imepokea maandishi ambayo mashariki haikuyaona. Historia mbili, kila moja ya kweli, na hakuna iliyo ndani ya nyingine.

Kurudi mashariki kungefuta dakika 40 za kazi za watu. Kubaki magharibi kulifanya tovuti iwe nzito, kwa sababu programu zilizokuwa mashariki sasa zilivuka bara zima kwa kila ombi. Wakaamua kulinda data na kuacha huduma iende kwa kuchechemea, wakarejesha terabaiti nyingi kutoka kwenye akiba, wakasubiri nakala zifikiane. Ilichukua saa 24 na dakika 11. Taarifa waliyoitoa baadaye ilitaja kwamba moja ya makundi yao yenye shughuli nyingi lilikuwa na maandishi 954 yaliyobaki upande mmoja. Nilipoisoma namba hiyo nilikumbuka vitabu vyetu vya kaboni. Kuna mtu mahali fulani ilibidi akae ayapitie yale 954.

Nikija kwenye utambulisho, hapa ndipo 4812 ilipozaliwa. Njia rahisi ya kuzuia namba zisigongane ni kugawana: Dar ichukue namba witiri, Songea shufwa. MySQL ina mpangilio wa kufanya hivyo, unaiambia kila seva ianzie wapi na iruke ngapi. Inafaa kwa matawi mawili. Kampuni ikifungua la tatu Mbeya na la nne Njombe, unaanza kupanga upya kitu ambacho wahasibu wameshakizoea. Njia ninayoipenda ni kuupa kila mstari utambulisho mrefu wa kubahatisha, wa biti 128, ambao mashine yoyote inaweza kuutengeneza peke yake bila kuuliza mtu, na uwezekano wa mbili kugongana ni mdogo kiasi cha kutouhesabu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokulia kwenye kliniki za Eldoret na vijijini Rwanda, una utambulisho wa namna hiyo kwenye majedwali yake, pamoja na namba ya kawaida ya ndani. Kwa mgonjwa anayepimwa zahanati moja na kuchukua dawa nyingine, kosa kama la 4812 lingekuwa na bei isiyolipika.

Lakini mhasibu hataki kusoma herufi na tarakimu 32 kwenye simu. Tukamwachia risiti yenye jina la tawi na namba fupi, SGA-4812 na DSM-4812, na ule utambulisho mrefu tukauficha ndani. Kila mmoja akapata anachokihitaji.

Mgongano mwingine ni mgumu zaidi: mstari mmoja, waandishi wawili. Chukua jedwali la stoo. Asubuhi mifuko ya mbolea ni 500 kwenye nakala zote mbili. Intaneti inakatika. Songea inauza 40, inaandika 460. Dar, ambayo nayo ilikuwa na ruhusa ya kutoa mzigo kwenye stoo ileile, inaidhinisha lori la mifuko 100, inaandika 400. Mtandao unarudi. Ipi ni kweli? Hakuna. Iliyobaki ni 360, na namba hiyo haijaandikwa mahali popote. Mifumo mingi hutatua kwa kanuni ya "aliyeandika mwisho ndiye mshindi." Kwa jedwali la stoo kanuni hiyo ni uongo unaoonekana kama utaratibu.

Na huyo wa mwisho utamjuaje? Kwa saa ya kompyuta? Kompyuta ya Songea betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokatika, ilipowashwa ilirudi miaka mingi nyuma, tarehe 1 Januari, mpaka mtu akumbuke kuirekebisha. Kwa kanuni ya saa, lolote alilolibadilisha mtunza stoo asubuhi hiyo lilishindwa na maandishi ya Dar ya mwezi uliopita. Leslie Lamport aliandika mwaka 1978 kwamba katika mashine zilizotawanyika, cha kushika ni mpangilio wa sababu na matokeo: nini kiliweza kusababisha nini. Saa za ukutani hazikupi hilo peke yake. Google waliporudi kutegemea saa kwa hifadhidata yao ya Spanner, waliweka saa za atomu na vipokezi vya GPS kwenye vituo vyao vya data, na bado programu inahesabu kila wakati ni kwa kiasi gani saa hizo huenda zimekosea. Sisi tulibadilisha betri, halafu tukaacha kuitegemea saa.

Dawa ya stoo ilikuwa kuacha kuandika salio. Tukaandika miondoko: Songea imetoa 40, Dar imetoa 100, zimepokelewa 300. Kila mwondoko ni mstari mpya wenye mwenyewe mmoja, hauguswi tena. Salio linapatikana kwa kujumlisha, na kujumlisha hakujali nani alifika kwanza. Mtu akikosea hafuti. Anaandika mwondoko wa kurekebisha. Wahasibu wamefanya hivyo kwa karne nyingi, na mzee wa stoo alinitazama kwa subira nilipomweleza ugunduzi wangu. "Mwanangu," akasema, "leja haifutwi." Kanuni hii haizuii mzigo mmoja kuahidiwa watu wawili, hilo liliisha pale tulipokubaliana kwamba mzigo wa Songea unatolewa na Songea pekee, na Dar inaomba.

Kuhusu usalama nitasema machache, kwa kuwa jibu ni moja na halibadiliki. Usiuache mlango wa hifadhidata wazi kwa dunia, uwe ni namba 3306 ya MySQL au 5432 ya PostgreSQL. Mwanzoni mwa 2017 maelfu kwa maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizokuwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wahalifu walioacha ujumbe wa kudai fedha. Pitisha kila kitu kwenye njia iliyofungwa, kama WireGuard, ambapo kila tawi lina ufunguo wake, na tawi likiibiwa kompyuta unaufuta ufunguo mmoja.

Neno jingine ni kwa wanaodhani nakala ya mbali ni akiba. Si akiba. Ukifuta jedwali Dar kwa bahati mbaya, replikesheni, yaani huko kunakili, itafuta na la Songea, tena kwa uaminifu mkubwa. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab walikuwa na seva nakala iliyobaki nyuma mno hata ikashindwa kuifikia seva kuu. Fundi, usiku, alitaka kusafisha folda ya data ya seva nakala ili aanze upya. Akaitoa amri ya kufuta kwenye seva kuu. Alipoisimamisha, kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Njia zao za akiba walipozigeukia, moja baada ya nyingine, zikawa hazifai au hazikuwa zikifanya kazi, na wakaokolewa na picha ya diski iliyokuwa imechukuliwa kwa kazi nyingine saa sita hivi kabla. Waliyaandika yote hadharani, na ninawaheshimu kwa hilo. Kwenye mashine zangu dirisha la seva kuu lina rangi nyekundu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Hapo ndipo tulipogundua jambo la kushangaza: Songea na Dar, miji ya nchi moja, zilikuwa zikizungumza kupitia seva ya kukodi iliyoko Ulaya. Risiti ya Songea ilivuka bahari kwenda na kurudi ili ifike makao makuu, Kariakoo. Wiki ile foleni ya mistari isiyotumwa ilipanda kila saa, na mimi nilikuwa naangalia nafasi ya diski, maana seva inayomsubiri msomaji aliyepotea hutunza daftari lote mpaka arudi, na daftari likijaza diski, seva yenyewe husimama. Diski ilitosha. Matawi yaliuza wiki nzima. Mwezi uliofuata tukahamishia seva Dar.

Kila jioni, hadi leo, kuna zoezi ambalo sikubali liachwe. Mashine zinalinganisha majedwali zenyewe, lakini pia mtunza stoo anapiga simu na kusoma namba mbili: idadi ya risiti za siku na jumla ya shilingi. Msimu uliopita kulikuwa na jioni moja hazikulingana.

"Shikamoo, baba. Nina 117 hapa."

"Marahaba. Mimi nina 118. Hesabu tena."

Tulihesabu tena. Shilingi nazo zilipishana, kwa bei ya lori moja kamili. Ilituchukua nusu saa. Lori lilikuwa limepakiwa usiku wa manane, saa 8, ili liwahi kufika kijijini kabla ya jua. Songea iliandika risiti kwa saa za hapa, tarehe 15. Seva ya Dar ilikuwa bado inasoma saa za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, na kwake lori lile lilipakiwa saa 5 usiku wa tarehe 14. Mstari ulikuwepo, mzima, na mwenyewe alikuwa mmoja. Nilibadilisha mpangilio wa ripoti nikiwa bado naye kwenye simu, nikamwomba asome tena.

"Mia moja kumi na nane," akasema, nikamsikia akiichora kwenye kitabu chake.